Mkanda wa Zabibu

Inspekta hakuwapenda farasi, na tangu asubuhi hakuwa amemficha mtu jambo hilo. Kituo kilimtuma kwenye uwanja wa mashindano asimamie magari yasizibe njia, basi. Kwa saa tatu alisimama langoni, mbali kabisa na mabanda, akila raha zake. Kisha Mwamuzi Mkuu, mama mwembamba mwenye saa mbili, moja mkononi na nyingine shingoni, akaja mwenyewe kumwita, na raha ikaishia hapo.

"Kuna mtu amekata mkanda wa mshindani," alisema Mwamuzi Mkuu wakiwa njiani. "Amekata kwa kisu. Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa, sijawahi kuona kitu kama hiki."

Chumba cha matandiko kilikuwa mwisho wa safu ya mabanda, kimepakana na zizi namba kumi na saba. Kilikuwa kidogo, na wenyewe walikipanga kwa adabu: vigingi ukutani na kila kigingi na tandiko lake, ndoo tatu zimepinduliwa, sanduku la brashi, kopo la nta. Mkanda wenyewe ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Ni ule mpana wa ngozi unaopita chini ya tumbo la farasi ili tandiko lisiteleze. Ulikuwa umekatwa katikati, na vipande viwili vimefungwa pamoja kwa uzi mwekundu.

"Nani ameugusa?"

"Mimi tu, Afande," alijibu mwanamke aliyesimama pembeni. Alivaa suruali nyeupe ya kupandia farasi na kofia ngumu ilikuwa kwapani. Wenzake walimwita Nesi, kwa sababu ndiyo kazi yake siku nyingine zote. "Niliutafuta kwenye kigingi changu sikuuona. Nikafunga mlango, nikauona hapo. Nikaushusha, nikapiga kelele, nikaurudisha."

"Ulipiga kelele kwanza au uliurudisha kwanza?"

Nesi alifikiri. "Kelele."

Inspekta aliandika. Hakuwa na sababu ya kuuliza, ila alipenda kujua anazungumza na mtu wa namna gani, na mtu anayefikiri kabla ya kujibu swali la kipuuzi alimpa alama.

"Kanuni iko wazi," alisema Mwamuzi Mkuu. "Kifaa kikiharibiwa kwa makusudi na aliyeharibu hajulikani, farasi haanzi. Siwezi kumtuma mnyama akaruke magogo na mahandaki wakati sijui mtu huyo amegusa nini kingine. Amepangiwa kuanza saa saba na nusu. Saa saba kamili nataka jina na maelezo."

"Sasa hivi saa ngapi?"

Mwamuzi Mkuu alitazama saa ya mkononi, halafu ya shingoni. "Saa tano kasoro kumi. Zote zinakubaliana."

"Na asipoanza?"

Aliyejibu ni Nesi, akitazama sakafu.

"Asipokimbia leo, Jumatatu anaondoka. Zabibu ni mali ya chuo cha upandaji. Meneja wetu alisema mbele ya watu wote: akimaliza mbio za nyika anabaki nami, asipomaliza anarudi shamba la uzazi, mwendo wa siku mbili. Lori limeshaagizwa, Afande. Nimeona karatasi yake."

Inspekta alimtuma Koplo, mzee wa kazi aliyebakiza miezi minane astaafu, azungumze na walinzi wa lango la nyuma. Yeye alimfuata Nesi zizini, akasimama hatua tatu kamili kutoka mlangoni.

Farasi aliyechungulia alikuwa jike la Kiarabu, rangi ya zabibu kavu, na ndiko lilikotoka jina lake. Uso wake ulibonyea kidogo katikati, macho makubwa, na masikio hayakutulia hata nukta moja. Alikuwa mdogo kuliko wote Inspekta aliowaona asubuhi ile, jambo lililomfariji kidogo.

"Anauma?"

"Hapana. Akikuchukia anakupa mgongo. Mimi alinipa mgongo mwaka mzima."

"Mwaka mzima?"

"Nilikuwa nikitoka zamu naja kukaa malishoni kwake, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Wodini tulikuwa tumepitia mwezi mbaya, Afande, sikutaka kuongea na mtu. Yeye naye hakutaka. Basi tulielewana. Asubuhi moja akaja nyuma yangu, akaniwekea pua hapa." Nesi aligusa bega lake la kushoto. "Ndiyo salamu yake. Akikupa, usisogee, atadhani umeikataa. Sikusogea. Siku hiyo nilichelewa kila mahali." Alicheka, kisha macho yakamjaa maji. "Watu wanasema nimemfundisha kuruka. Ni yeye aliyenirudisha kwa watu. Namshukuru kila siku, na sijui farasi hushukuriwa vipi zaidi ya kumsafisha na kumlisha."

Inspekta alifungua ukurasa mpya wa daftari. "Nani anakuchukia?"

"Kunichukia, hakuna. Kunicheka, wote. Farasi wa Kiarabu ni wa safari ndefu, wanasema, au wa maonyesho. Hawamtarajii kwenye mashindano ya siku tatu. Jana ilikuwa siku ya mwendo wa madaha, farasi anapopewa alama kwa hatua zake, tukawa wa tatu. Hapo vicheko vikapungua."

"Kinara wa vicheko ni nani?"

"Wawili. Fundi wa ngozi, yule mwenye hema pale, anamwita farasi wa picha. Kwamba anafaa kutundikwa ukutani. Na Kapteni, mshindani aliye wa nne. Jana jioni alisema, na haya ni maneno yake mwenyewe: 'Madaha ni madaha. Kesho kwenye handaki tutaona mkanda wa nani umekaza.'"

Kalamu ya Inspekta ilisimama. "Alisema mkanda?"

"Alisema mkanda."

"Huwezi kuazima mwingine?"

"Zabibu ana mgongo mfupi na kifua kipana. Mikanda ya wenzake inamchubua nyuma ya viwiko. Nilijaribu mara moja, akatoka damu. Siwezi tena."

Koplo alirudi akihema. Mlinzi alimwona Kapteni akitoka chumba cha matandiko saa moja asubuhi, peke yake, anatembea haraka na mkono mfukoni.

*

Kapteni alikuwa mwanajeshi mstaafu, masharubu yamechanwa, viatu vinang'aa kuliko vya askari wote wa kituo cha Inspekta. Farasi wake alikuwa mkubwa kama kabati la nguo, na Inspekta aliomba wazungumzie nje.

"Saa moja asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapa. Namlisha huyu."

"Saa moja na dakika tano?"

"Hapa hapa."

"Mlinzi anasema ulikuwa chumba cha matandiko."

"Mlinzi amezeeka."

"Ana miaka ishirini na sita. Mfuko wa koti una nini?"

Kapteni alisimama wima, kama vile aliyeuliza ni jenerali. Kisha, polepole, akatoa spana ndogo. Ilikuwa imezungushiwa plasta nyeupe ya hospitali, na juu ya plasta imeandikwa kwa wino: 17.

"Ni ya kukazia njumu," alisema. "Nyasi zikiwa na umande, tunafunga njumu kwenye vyuma vya kwato, farasi asiteleze. Yangu imepotea. Na pale karibu aliyekuwa nayo ni yeye."

"Ukashindwa kuomba?"

"Ningeombaje, Afande? Jana nimemcheka mbele za watu, leo nimpigie hodi: samahani, nina shida ndogo?" Masharubu yalimcheza. "Nilisema nitairudisha kabla hajaamka. Nikachelewa, baadaye nikasikia kelele, nikaona bora nikae kimya. Sijajivunia."

"Mkanda uliuona?"

"Tandiko lake niliona liko uchi, halina mkanda. Nikadhani umepelekwa kusafishwa. Huyo dada anasafisha vitu vyake mpaka unaona huruma."

"Nyuma ya mlango?"

"Sikuangalia nyuma ya mlango. Mwizi haangalii nyuma ya mlango, anaangalia mbele ya mlango asionekane."

Inspekta alijikuta anatabasamu, akalificha tabasamu kwenye daftari. Kama mzee huyu alisema kweli, mkanda ulikatwa kabla ya saa moja. "Ni nani huamka mapema kuliko wewe?"

"Fundi tu. Analala hemani na vyuma vyake. Huamka kabla ya farasi."

Hema la Fundi lilikuwa wazi na halikuwa na mtu. Juu ya meza palisimama ubao wenye michoro ya kila chombo, ili kila kimoja kijue kwao: koleo, nyundo, makasi. Michoro miwili haikuwa na vyombo. Mmoja ulikuwa wa msharasi, ule wa kutobolea ngozi. Mwingine ulikuwa wa kisu chenye umbo la nusu mwezi.

Inspekta aliinua vipande vya mkanda, alivyokuwa amevileta ndani ya mfuko, akatazama makali ya ule mkato. Haukuwa na alama za msumeno wala za kurudia. Ni pigo moja, kutoka juu hadi chini, la mkono uliokwisha kukata ngozi mara elfu.

"Mpigie," alimwambia Koplo.

Koplo alipiga. Simu ikaita ndani ya aproni iliyotundikwa kwenye kiti.

Mlinzi, yule yule mwenye miaka ishirini na sita, alikumbuka vizuri. Saa kumi na mbili na robo Fundi aliondoka na pikipiki yake. Hakusalimia. Kwa kawaida husalimia mpaka unachoka.

"Basi jina ninalo," alisema Mwamuzi Mkuu aliyekuwa amewafuata. Hakuonekana kulifurahia. "Lakini mwenye jina ametoroka, na hatujui alichogusa zaidi. Samahani sana, Nesi. Farasi haanzi."

Nesi alikaa chini pale pale kwenye nyasi, na suruali yake nyeupe, akaweka kofia mapajani.

"Saa ngapi?" aliuliza Inspekta.

"Saa sita kasoro robo."

"Ulinipa mpaka saa saba. Koplo, chukua gari, nenda karakana ya Fundi mjini. Nadhani utamkuta anashona."

"Anashona, Afande? Si ametoroka?"

"Mtu anayetoroka huchukua simu, Koplo. Huyu amechukua msharasi."

*

Koplo alipoondoka, Inspekta aliketi kwenye kigoda cha Fundi, akautandaza mkanda mapajani. Kazini walimtania kwamba yeye husoma vitu kama watu wengine wasomavyo barua. Alianza mwanzo.

"Mama Mwamuzi, ukitaka mtu aanguke kutoka kwenye farasi anayekimbia, unakata mkanda namna gani?"

"Mungu aepushe. Nusu, nadhani. Upande wa chini, asiuone. Ukatikie njiani."

"Na ukiukata wote, ukautundika mahali?"

Mwamuzi Mkuu aliinamia mkanda. "Hapandi nao."

"Hapandi nao," alisema Inspekta. "Aliyekata huu hakutaka Nesi aanguke. Alitaka mkanda huu usipande farasi tena. Sasa tujue kwa nini."

Alipitisha ukucha kwenye mshono karibu na bizimu, pale ngozi inaposhonwa ikashika chuma. Uzi ulitoka wenyewe, vumbi vumbi, ukabaki kwenye kidole. Akavuta bizimu kidogo. Likang'oka mkononi mwake bila hata kulalamika. Kwa nje mshono ulionekana mzima, mweusi, umepakwa nta. Ndani haukuwa na kitu. Aliinua ngozi puani. Haikunuka ngozi, wala jasho la farasi. Ilimkumbusha korido ndefu yenye vitanda pande zote.

"Mtu amemwagia dawa," alinong'ona Mwamuzi Mkuu. "Ni sumu?"

"Nesi, njoo, mdogo wangu. Nusa."

Nesi alinusa. "Mbona hainuki kitu?"

Inspekta alishapata jibu na hakulipenda, kwa sababu lingemuumiza mtu mwema. "Mkanda huu unausafisha na nini?"

"Maji ya moto. Na ile dawa yetu ya kusafishia wodi, kidogo tu. Kila Jumapili, miaka miwili. Ana ngozi laini sana, nilitaka asipate vidonda..." Alitazama bizimu mkononi mwa Inspekta, akatazama vumbi la uzi. "Ni mimi?"

"Uzi wa ngozi haupendi dawa ya wodi. Umeliwa ndani kwa ndani. Ungeruka kizuizi kikubwa cha kwanza, tandiko lingezunguka, ukaenda chini ya tumbo lake."

"Ningemwangukia miguuni," alisema Nesi. "Angevunjika." Inspekta aliona kwamba hakusema "ningevunjika".

Kulikuwa na vishindo nje, na Kapteni akainamisha kichwa kuingia hemani. Alikuja kurudisha spana, ameishika mbele kwa mikono miwili. Macho yake yakaangukia mapajani mwa Inspekta.

"Uzi mwekundu!" alisema. "Mbona hakuna aliyeniambia una uzi mwekundu?"

"Una maana gani?"

"Mkanda uliokwisha. Fundi wa zamani hawezi kuacha mkanda mbovu ukiwa mzima, mtu asije akauokota akautumia. Anaukata, anaufunga uzi mwekundu, anautundika nyuma ya mlango mbali na vifaa vizima. Mwenyewe akiuona anajua: usipande, nenda kwa Fundi. Kila mtu anajua."

"Mimi sikujua," alisema Nesi.

"Hata mimi," alisema Mwamuzi Mkuu. "Mimi ni mtu wa alama na saa."

"Watunza farasi wote wanajua," Kapteni alisisitiza, kisha akamtazama Nesi, na kitu kikamwingia polepole. Nesi hakuwa na mtunza farasi. Alibeba maji mwenyewe, akafagia mwenyewe, akasafisha mwenyewe, na hakuna aliyewahi kumkaribisha kwenye kikombe cha chai ambapo mambo kama hayo huzungumzwa. "Tulikuwa tunacheka," alisema Kapteni. "Hatukumwambia kitu."

Inspekta alivuta gunia lililokuwa chini ya meza, akalifungua. Lilijaa mikanda, hatamu na kamba za ngozi, zote zimekatwa pigo moja, na kila moja imefungwa uzi mwekundu ule ule. Alizihesabu mpaka kumi na mbili, akamgeukia Mwamuzi Mkuu.

"Ulitaka jina na maelezo. Jina ni Fundi, na maelezo ndiyo haya. Hakuna uharibifu wa makusudi. Hapa pamefanyika matengenezo."

Mwamuzi Mkuu aliangalia gunia, akaangalia saa zake. "Farasi anaanza," alisema. "Kama ana mkanda."

Redio ya Inspekta ilikoroma saa saba kasoro kumi. "Nimempata, Afande!" Ilikuwa sauti ya Koplo. "Sikumkuta karakana, nimemkuta njiani anarudi. Pikipiki imemgomea, anaisukuma, amejivika mkanda mpya kifuani kama bwana harusi. Nimempakia. Lakini tuko mbali, dakika arobaini hivi, na ni kwa kukimbiza."

"Saa saba na nusu," alihesabu Mwamuzi Mkuu. "Ndiyo dakika yake ya kuanza. Atahitaji robo saa ya kufunga na kumpasha mwili. Siwezi kusogeza muda, ningelazimika kumtendea kila mtu hivyo."

Nesi alikuwa amesimama tayari. Alikaa tena.

"Mimi naanza saa nane kasoro kumi," alisema Kapteni, akiangalia mlingoti wa hema. "Kanuni inaruhusu washindani kubadilishana zamu wakikubaliana. Ibara ya ishirini na kitu."

"Ishirini na mbili," alisema Mwamuzi Mkuu. "Lakini farasi wako hajapashwa mwili."

"Basi niacheni nikampashe, mnanichelewesha."

"Kapteni," alisema Nesi. "Asubuhi nilikutaja kwa polisi."

"Najua. Na mimi nilikuibia spana." Alimwekea ile spana kiganjani, akakifumba kiganja chake juu yake. "Kakaze njumu, mwanangu. Chini pale kwenye maji kunateleza."

*

Fundi alikuwa mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Alishuka garini kabla halijasimama sawasawa, akapita katikati ya watu bila salamu, akaingia chini ya tumbo la Zabibu na mkanda mpya. Ngozi yake ilikuwa rangi ya asali, na pale kwenye viwiko alikuwa ameshonea pedi laini, moja kila upande.

"Tundu la nne," alisema kwa sauti iliyotoka chini ya farasi. "Nilipima kwa macho. Samahani."

"Fundi," alisema Nesi, "kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilifunga uzi mwekundu."

"Sijui uzi mwekundu ni nini."

Kichwa cha Fundi kilitokea upande wa pili. Alimtazama Nesi, akamtazama Inspekta, akaona askari, akaona nyuso za watu, ndipo akaelewa kwamba yeye ndiye aliyekuwa akitafutwa. "Hujui?" alisema. "Yaani ulidhani... Ee jamani. Nilipita alfajiri kukagua mikanda kama kawaida, nikashika wako, uzi ukatoka kama unga. Nikasema hapa hakuna muda wa maneno, nikakimbia kushona. Simu nikaisahau. Kumbe nimekuacha unahangaika."

"Lakini wewe ulimwita farasi wa picha."

"Nilimwita." Fundi alifuta miwani kwa pindo la shati ingawa haikuwa chafu. "Jana nikawatazama kwenye madaha. Sikio moja mbele, sikio moja kwako, mwanzo mpaka mwisho. Miaka thelathini nashonea farasi, sijapata kuona mnyama anamsikiliza mtu hivyo. Nikaona aibu. Mtu akiona aibu hufanya kazi vizuri. Panda, muda unakwenda."

Inspekta hakurudi langoni. Alijiambia ni kwa ajili ya taarifa, na akaenda kusimama kwenye mstari wa mwisho, karibu na kipaza sauti. Kapteni alikuwa amesharudi, tope mpaka kwenye masharubu, na badala ya kwenda kuoga alisimama hapo hapo. Fundi alisimama katikati yao, midomo inamcheza.

Kipaza sauti kilisema: namba kumi na saba ameanza. Gogo la kwanza, safi. La pili, safi. Handaki: amesita. Watu wote watatu walisogelea kipaza sauti. Namba kumi na saba amesimama ukingoni, mpandaji amesogea mbele shingoni, tandiko...

"Limeshika," alisema Fundi bila kuona chochote.

...ameruka. Namba kumi na saba anaendelea.

Kwenye maji, safi. Kwenye kona ya miti, safi. Halafu wakamwona, kwanza mkia ulioinuliwa juu ya vichaka, kisha farasi mzima, mdogo, mweusi kwa jasho, anakuja mteremko wote kana kwamba ndiyo kwanza anaanza. Wakubwa waliomtangulia walikuwa wamefika hoi. Yeye alivuka mstari akitafuta kizuizi kingine. Mwamuzi Mkuu alibonyeza saa ya shingoni, akatazama ya mkononi, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

Meneja wa chuo, bwana mnene aliyekuwa amesimama kimya nyuma ya kamba tangu mchana, alitoa karatasi mfukoni, akaichana mara mbili. "Nawapigia watu wa lori," alisema. "Nawaambia wasije."

Nesi alishuka. Kitu cha kwanza, kama ilivyo desturi ya wapandaji, alilegeza mkanda. Kidole chake kilibaki pale, juu ya mshono wa Fundi, na hapo alilia wazi wazi mbele ya uwanja mzima. Alitaka kumkumbatia Fundi na Kapteni, lakini mikono yake ilikuwa imeshika hatamu. Akatazama huku na huku, akaona mkono ulio karibu, akazikabidhi hatamu kwa Inspekta.

"Nishikie, dada," alisema, na akaenda.

Inspekta alibaki ameshika kamba mbili za ngozi, na upande wa pili wa kamba kulikuwa na farasi. Alimsikia akihema. Alisikia pia sauti ya Nesi, imezama kwenye shati la Fundi, ikirudia neno moja, asante, asante, na Fundi akimwambia kwamba Jumapili ijayo aje na vifaa vyake vyote, na dawa ya wodi aiache huko huko wodini, na kwamba chai huwa tayari saa nne. Kapteni akasema hata yeye atakuwepo.

Kisha kitu chenye joto na unyevu kikatua kwenye bega la kushoto la Inspekta, juu ya nyota zake za cheo, kikatulia hapo kwa uzito wake wote.

"Afande!" Koplo alimwita kutoka garini. "Magari yameziba njia yote ya langoni! Tunachelewa!"

"Tuchelewe," alisema Inspekta, na hakusogea.